Mpika Vitumbua Aliyeambiwa Aanze Zamani

Bi Riziki, mpangaji wa chumba cha uani, ndiye aliyemwambia mpangaji mwenzake Mize kwanza. "Mwanangu, nyumba yetu inauzwa. Kuna muuza ngozi anaitaka aifanye ghala. Sote tutatoka na mikeka kichwani."

Na katika mji huo palikuwa na tajiri, Mbaruku jina lake, mtu mwenye funguo nyingi kuliko milango. Aliwakopesha watu wanunue nyumba za kupangisha. Nyumba inabaki rehani kwake, na kodi za wapangaji zinalipa deni. Jambo jema, ila lilikuwa na mwiba: aliyejiajiri hapati kitu mpaka awe ameifanya kazi yake miaka miwili kamili.

Mize alijiajiri mwezi uliopita. Tangu usichana wake alimpikia Liwali vitumbua. Liwali alipoanza kumlipa kwa ahsante, Mize akabeba karai lake akaenda zake. Sasa wateja walijaa mlangoni kwake tangu alfajiri. Akajifunga kanga, akamwendea tajiri.

"Naitaka ile nyumba, bwana. Wapangaji wamo, na kodi inatosha."

"Kazi yako?"

"Vitumbua."

"Tangu lini?"

"Mwezi uliopita."

"Aa, wapi! Rudi nyumbani ukaanze zamani."

Mize akamtazama. Tajiri hakucheka.

"Nianzeje zamani, bwana, na leo ni leo?"

"Hayo hayanihusu. Wote walioanza zamani nimewakopesha, na hakuna aliyelalamika."

"Kwa Liwali nimepika tangu sijaolewa."

"Ungekuja wakati huo ningekupa. Ulikuwa na bwana wa kukufukuza. Sasa nani anaweza kukufukuza kazi?"

"Hakuna."

"Unaiona hatari?"

"Lakini mkono ni huuhuu, bwana, na karai ni lilelile."

"Vile vilikuwa vitumbua vya Liwali. Wewe kama wewe, nani anakujua?"

"Muuza ngozi analipa kesho kutwa!"

"Basi anza zamani upesi. Tena sikiliza: kesho asubuhi wakwe zangu wanakuja kunywa chai, mara ya kwanza tangu nimwoze binti yangu. Kadhi mwenyewe ndiye baba mkwe. Niletee vitumbua vya moto. Usiniaibishe."

"Haya, bwana."

Bi Riziki alikuwa akimngoja kizingitini. "Amesemaje?"

"Amesema nizaliwe upya, ila mapema kidogo."

Asubuhi yake wakwe walikuwa wameketi jamvini, chai ya maziwa inafuka, matumbo yanaitikiana. Mize akaingia na sinia lililofunikwa kawa, akalitua katikati. Tajiri akafunua kwa madaha. Ndani mlikuwa na mchele mkavu na nazi isiyovunjwa.

"Nini hiki?"

"Vitumbua, bwana. Bado vichanga."

Kadhi akakohoa. Tajiri akacheka cheko la mtu aliyekanyagwa kidole.

"Mize, mama, acha mzaha mbele ya wageni. Nenda kapike."

"Naogopa. Hawa ni watu wa heshima zao, watakulaje kwa mkono wa mtu asiyejulikana? Huenda natia mchanga."

"Nani asiyekujua wewe?"

"Sina hakika. Mimi ni wa mwezi uliopita."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Ee! Bwana Mbaruku, siku ya kwanza tu, unatulisha kwa mpishi usiyemjua? Na mwanetu akija kwako ukweni hula nini?"

Jasho likamtoka tajiri. Akasimama, kofia ikamwendea upande.

"Wallahi namjua! Nimekula vitumbua vyake tangu binti yangu hajaota meno! Kwa Liwali, kwake, mkono ni uleule! Kama kuna mtu wa kuaminiwa katika mji huu, ni huyu! Nitatia sahihi popote mtakapo!"

Mize akainamisha kichwa kwa adabu, akamgeukia Kadhi.

"Shekhe, kiapo umekisikia. Unga wangu umeumuka nyumbani. Wewe andika hati ya mkopo wa nyumba, mimi nikawashe moto. Atakayemaliza kwanza amngoje mwenzake."