Nyimbo Kumi na Mbili za Aikande

Hapo zamani, si zamani za mazimwi, ni zamani za kaseti, wakati mtu akitaka wimbo anakaa karibu na redio kidole kikiwa juu ya kitufe, Moshi palikuwa na mwanamke aitwaye Aikande. Alikuwa akipiga piano na kuimba. Msidhani ni ile piano ya kusindikizia tenzi. Huyu aliigonga mpaka wapiga magitaa nyuma yake wakawa wanakimbia kumfikia. Nyimbo alitunga mwenyewe, maneno yake mwenyewe, hasira yake mwenyewe. Kama hukuwahi kumsikia, pole yako.

Miaka ikaenda. Aikande akapata baridi yabisi, vidole vikaanza kukakamaa. Hapo ndipo kampuni moja ya muziki ya Dar es Salaam ilipomtuma meneja wake, Bwana Mkanga, aende kumwambia kwamba wanataka kuzikusanya nyimbo zake zilizovuma kwenye albamu moja.

"Zitakuwa kumi na moja, mama," alisema Bwana Mkanga akinywa chai. "Ule wa 'Sinyanyuki' tuuache, una historia mbaya. Halafu hiyo piano yako ina waya mmoja unakoroma. Tutaweka kinanda cha umeme juu yake, watu hawatajua."

"Mimi nitajua," alisema Aikande. "Zitakuwa kumi na mbili, na waya utakoroma. Kama hutaki, maliza chai yako. Njia ya kurudi stendi unaijua."

Mnaujua huo wimbo wa "Sinyanyuki"? Ni wa mwanamke aliyekwenda kwenye kikao cha ukoo, akakaa kwenye kiti, akaambiwa anyanyuke ampishe mwanamume. Akasema hanyanyuki. Basi, ni hayo tu. Kwa hayo tu ulipigwa marufuku redioni na madukani, eti unawafundisha wanawake ukaidi, na mtunzi wake akakaa miaka saba bila kualikwa hata kwenye harusi.

Bwana Mkanga akanywea, akakubali. Lakini kulikuwa na shida kubwa zaidi. Studio iliyokuwa na kanda zake za asili ilishaungua, na kanda zote ziliungua nayo. Kurekodi upya hakuweza, vidole vimegoma. Basi Aikande akaenda kwenye redio ya mjini kutafuta nakala, akasema hivi: "Atakayenionyesha kwamba bila yeye albamu hii isingekuwepo, piano yangu ni yake. Mimi siwezi tena kuipiga, na sitaki kuiona imekaa kimya mbele yangu." Kitu hicho alikipenda kuliko nyumba alimokiweka.

Akaja wa kwanza. Alikuwa Elirehema, fundi seremala, ambaye Aikande alimjua tangu ujana.

"Dada, umesahau?" alisema. "Kanisa liliponunua kinanda kipya, piano hii ilitupwa uani, mvua ikainyeshea siku mbili. Nani aliita wanaume sita wakaibeba kwa magogo mpaka kwako? Mimi. Waya wa sauti nzito ulipokatika, ukakosekana nchi nzima, nani alifunga waya wa breki ya baiskeli? Mimi. Huo mkoromo watu wanaoujua kwamba ni wako, ni wangu. Bila mimi ungeimba na nini?"

Aikande akakumbuka ile mvua. Akakumbuka pia kwamba mwaka ule wa marufuku Elirehema alimwambia, "Dada, achana na huo wimbo, utatuponza." Hakumkumbusha. Akamwambia, "Nimekusikia."

Akaja wa pili. Alikuwa Mama Nakijwa, Mpare mwenye saluni karibu na soko, amebeba kopo la biskuti kifuani.

"Kaseti," alisema, akalifungua. "Kila ulipopigwa redioni, nilirekodi. Kuna mahali utasikia wateja wangu wanacheka, kuna mahali utasikia kuku. Lakini ni wewe. Studio imeungua, kopo langu halikuungua. Bila mimi mngekusanya nini, majivu?"

Aikande akazisikiliza siku nzima, akalia, akacheka na wale wateja. Alipohesabu akakuta nyimbo kumi na moja. Kwenye kaseti ya kumi na mbili, mahali pa "Sinyanyuki", palikuwa na kwaya inaimba.

Mama Nakijwa akaangalia chini. "Siku za marufuku askari walikuwa wanapita madukani wanauliza nani anaupiga," alisema. "Nilikuwa na watoto wanne. Nikarekodi kwaya juu yake."

"Nimekusikia," alisema Aikande.

Bwana Mkanga alipopata habari alifurahi. Akapiga simu: "Si unaona, mama? Mungu mwenyewe amechagua kumi na moja."

"Mungu hajaniambia," alisema Aikande, akakata simu. Bwana Mkanga akapiga tena wiki ya pili, akajibiwa vilevile. Akapiga mwezi uliofuata, akaambiwa albamu ya nyimbo kumi na moja itatoka siku Aikande akizikwa, na hata hapo ataacha barua ya kuikataza. Alikuwa mkaidi, nakubali. Angekuwa mpole tusingekuwa tunamzungumzia leo.

Akaja wa tatu. Aikande alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa Mzee Kalebu Urio, aliyekuwa mkubwa wa kamati ya muziki ya redio, yule ambaye sahihi yake ndiyo iliyokuwa chini ya barua ya marufuku. Mkono wa kushoto alishika kanda. Mkono wa kulia alishika jani la isale.

Kwa msiotoka huku kwetu mlimani: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba. Mtu aliyekukosea akikujia na jani lake mkononi, humkatalii msamaha. Hata kama alikuulia ng'ombe, hata kama alikuvunjia nyumba. Ukilikataa, aliyekosea sasa ni wewe.

Mzee Urio akaweka kanda mezani. "Niliambiwa niichome," alisema. "Nikasaini kwamba nimeichoma. Kisha nikaificha kwenye debe la maharage, na ningekamatwa nayo ningefungwa. Miaka ishirini na mbili. Kanda ni yako hata ukinifukuza. Jani ni langu, ninaomba ulipokee."

"Kanda nimepokea," alisema Aikande. "Jani rudi nalo. Njoo nalo albamu ikishatoka, Jumapili baada ya ibada, wale wengine wawili wakiwepo."

Hakulikataa, mmesikia? Alimngojesha tu. Yeye alingoja miaka ishirini na mbili, mzee ashindwe miezi michache?

Bwana Mkanga akaletewa kanda, na albamu ikatoka na nyimbo kumi na mbili. Kuku wamo, kicheko kimo, waya unakoroma, na "Sinyanyuki" ndio wa kwanza. Ulipigwa kwenye redio ileile iliyoufungia. Aikande aliusikiliza amesimama jikoni, mikono imeshika sinki, na alijisikia mshindi.

Jumapili iliyofuata wakaja wote watatu. Piano ilikuwa ukutani, imepanguswa.

Mzee Urio akanyoosha jani. Aikande akaikumbuka ile miaka saba, mmoja mmoja. Kisha akalipokea.

"Nimekusamehe," alisema. "Kuhusu piano sijasema kitu."

"Basi niseme mimi," alisema Mzee Urio. "Ukishapokea isale kosa halipo tena. Kosa lisipokuwepo, mimi ni nani hapa? Ni mtu aliyeutunza wimbo ambao bila huo wewe ulikataa kutoa albamu. Mimi sijui kupiga. Lakini binti yangu aliujifunza utotoni akiisikiliza kanda hiyo, milango imefungwa. Kwangu piano haitakaa kimya."

Mama Nakijwa akasimama. "Mzee, shikamoo, lakini sikubali. Mimi sikuufuta kwa kupenda, niliufuta kwa sababu ya barua yako. Usingeufungia, ungekuwa kwenye kopo langu na wenzake, na leo tusingekuhitaji. Mtu anaiba kiatu kimoja, anarudisha, halafu anataka kabati? Saluni kwangu wanawake wataigonga kutwa."

"Na ninyi wote mnagombania nini?" aliuliza Elirehema. "Mmoja alitunza kwenye kopo, mmoja kwenye debe. Mimi nilitunza kitu chenyewe, kikiwa kinanyeshewa. Kila kilichomo kwenye hizo kanda kilitoka kwenye waya wangu. Nikiichukua, hata mimi nikishakufa, itakuwa inalia."

Wakamgeukia Aikande. Moyo ulimvuta kwa Mama Nakijwa, mvua ikamvuta kwa Elirehema, na jani lilikuwa mkononi mwake, bichi, tayari amelipokea.

Akaenda akakaa kwenye kiti cha piano. Akaweka jani juu ya piano, akavilazimisha vidole vyake, akapiga "Sinyanyuki" mwanzo mpaka mwisho. Alikosea sana. Waya wa breki ulikoroma mahali pake. Elirehema aliitikia, Mama Nakijwa aliitikia, na Mzee Urio, aliyeufungia, alijua maneno yote.

Alipomaliza alisema, "Niliahidi redioni, nitatimiza. Lakini sitachagua kwa kuharakishwa. Nimekaa hapa, na sinyanyuki mpaka nisikie mtu akinipa sababu isiyowadhulumu wengine wawili."

Wengi wameshampelekea sababu, amezirudisha zote. Msiniambie waikate vipande vitatu. Nimeshasikia hiyo, na aliyeisema hajui piano. Wapo watatu: aliyeiokoa kwenye mvua, aliyezitunza nyimbo kumi na moja akaufuta mmoja kwa woga, na aliyeufungia mmoja kisha akauficha kwa ujasiri, akasamehewa. Mama wa watu bado amekaa, na vidole vinamuuma. Je, anyanyuke ampishe nani?