Karani wa Mbagashi

Mwita majina naye hungoja kuitwa. Mmeisikia methali hii leo harusini, Mama Mchungaji alipomwambia Mwalimu Naftali, ambaye kutwa nzima alishika kipaza sauti akiwaita watu wa harusi ya mwenzake, na yeye mwenyewe hajaoa. Mlicheka sana, nami sikuwakataza, maana harusi ni mahali pa kucheka. Lakini Namsifu ameniuliza njiani maneno haya yametoka wapi. Sogezeni viti basi. Yalianzia hapahapa Mbagashi, katika Mahakama ya Mwanzo, na aliyeyasema kwanza aliyasema mbele yangu, mlangoni kwangu.

Zamani hizo nilikuwa mzee wa baraza. Umri wangu ulikuwa miaka thelathini na sita tu, ila anayekaa na hakimu kusikiliza mashauri huitwa mzee hata kama hana mvi moja. Tulikuwa wawili, na hakimu katikati. Lakini kazi ya mahakama ile aliibeba karani, Yonazi Senkondo. Yeye ndiye aliyeandika malalamiko ya wasiojua kuandika, akafungua majalada, akapiga mihuri, akatunza kila karatasi. Na siku za mashauri yeye ndiye aliyesimama mlangoni, akaita jina la mtu mara tatu. Asiyeitika mara ya tatu aliandikwa kuwa hakufika.

Alikuwa na sauti nzuri. Hakupiga kelele. Aliita jina la mkulima wa tangawizi kwa heshima ileile aliyomwitia diwani, na wazee wengi walisema kuwa hawajapata kusikia majina yao yakitajwa vizuri hivyo tangu siku ya ubatizo.

Aliishi peke yake nyuma ya mahakama. Watu walidhani hapendi wanawake. Mimi nilijua sababu, kwa kuwa tulisoma pamoja. Alipokuwa kijana alimpenda Nakundwa, binti wa mhunzi wa kule juu. Alitaka kwanza amalize mafunzo ya ukarani, arudi na kazi, ndipo awatume wazee wakamposee. Hakumwambia mtu, hata Nakundwa mwenyewe hakumwambia. Alirudi na cheti chake mwezi wa nane akakuta Nakundwa ameolewa mwezi wa sita.

Aliyemwoa aliitwa Elinaja Kiondo, mtu wa watu, mwepesi wa kucheka. Mwaka wa pili wa ndoa yao alikwenda Mombasa kufanya kazi bandarini. Akaandika mara mbili tatu. Kisha mpaka wa nchi hizi mbili ukafungwa, barua zikakoma. Mpaka ulipofunguliwa tena, wengine walirudi, wengine walituma salamu. Elinaja alikuwa kimya.

Nakundwa hakuwa na mtoto. Alibaki na mama mkwe wake, akamlimia, akamchotea maji, na alipopofuka akamshika mkono kwenda na kurudi kanisani. Mama yule alipofariki, Nakundwa alimzika, akamaliza matanga, ndipo akaja mahakamani kuomba talaka. Miaka tisa ilikuwa imepita.

Aliyeandika ombi lake ni Yonazi. Hebu fikirini. Mtu aketi mezani amwulize mwanamke anayempenda, "Uliolewa lini? Aliondoka lini? Ulimngoja kwa muda gani?" na ayaandike majibu kwa mwandiko mzuri. Aliyaandika.

Tangazo likabandikwa ubaoni, na nakala wakapewa wafanyabiashara wa tangawizi waendao Mombasa. Shauri lilipotajwa mara ya kwanza, Yonazi alisimama mlangoni akaita, "Elinaja Kiondo," mara tatu. Hakuna aliyeitika. Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Hakimu akasema, "Asipofika mara ya tatu tutasikiliza upande mmoja, na mama huyu atapewa haki yake."

Tangu siku ile nilimwona Yonazi amebadilika. Alipaka chokaa nyumba yake. Alinunua kiti cha pili. Nakundwa alipopita kuuliza habari za shauri lake walizungumza kidogo pale varandani, na siku moja nilimsikia mama yule akimwuliza, "Umekula, Karani?" Ni swali dogo. Lakini katika miaka yote ile sikuwa nimesikia mtu akimwuliza.

Ijumaa kabla ya shauri kutajwa mara ya tatu, basi la Mombasa lilileta barua. Bahasha iliandikwa, "Kwa Karani, Mahakama ya Mwanzo Mbagashi." Yonazi aliifungua, kama ilivyo kazi yake. Ilikuwa ya Elinaja. Alisema tangazo limemfikia, ni mgonjwa, anaomba mahakama isikate shauri mpaka mwisho wa mwezi ujao, atakuja mwenyewe.

Hakuna aliyejua habari za barua ile ila Yonazi. Aliitia mfukoni mwa koti. Jumamosi alikwenda nayo shambani, Jumapili akaenda nayo kanisani. Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alipopiga magoti kusali, karatasi ililia mfukoni, akainuka kabla ya amina.

Jumatatu asubuhi tulipoketi, barua ilikuwa juu ya jalada, imepigwa muhuri wa siku ile. Chini ya muhuri aliandika kwa kalamu, "Ilipokelewa Ijumaa. Nilikaa nayo." Hakimu aliisoma, akavua miwani.

"Karani, ulikaa nayo kwa nini?"

"Kwa udhaifu wangu, Mheshimiwa."

Hakimu alimkemea mbele ya watu, kisha akaahirisha shauri. Nakundwa alimtazama Yonazi kwa muda mrefu. Nadhani ndiyo siku aliyofahamu.

Mwisho wa mwezi uliofuata Yonazi alisimama tena mlangoni. Ilikuwa kiangazi, uwanja umekauka, watu wamejaa kwa sababu habari zilikuwa zimeenea. Aliita mara ya kwanza. Aliita mara ya pili. Nami niliyekuwa ndani niliuona mgongo wake umekakamaa kama mtu anayengoja kupigwa. Akaita mara ya tatu kwa sauti ileile, wala hakuipunguza.

"Nipo," mtu akaitika kutoka barabarani.

Alikuja akiegemea fimbo. Yule Elinaja tuliyemjua hakuwapo. Alikuwa amekonda, mguu mmoja hauchukui uzito, na alikohoa kila baada ya maneno matatu. Alipoapishwa hakujitetea. Alisema alikaa na mwanamke mwingine huko, na alipougua mwanamke yule akamtoa nje. Alisema hakuandika kwa aibu. "Sina haki juu yake," akasema. "Nimekuja ili anione, asije akafikiri nilikufa. Akitaka niende, nitakwenda. Ila sina pa kwenda."

Hakimu akamgeukia Nakundwa. "Mama, ombi lako lina nguvu. Unataka tuendelee?"

Nakundwa aliomba apewe muda kidogo. Hakimu akasema tukanywe chai. Mimi nilibaki dirishani, na varanda ilikuwa upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo yaliyosemwa niliyasikia.

Nakundwa aliketi kwenye benchi. Yonazi alimletea maji, akasimama.

"Niambie nifanye nini," Nakundwa akasema.

"Karani hatoi ushauri, mama. Imekatazwa."

"Simwulizi karani. Nakuuliza wewe, Yonazi."

"Basi usiniulize mimi, Nakundwa, kwa sababu nitajibu kwa faida yangu."

"Hujapata kuniambia hivyo hata siku moja."

"Nilichelewa miezi miwili. Tangu hapo haikuwa halali kusema."

Nakundwa alikunywa maji yote, akakishika kikombe kwa mikono miwili. "Mama yake aliniachia neno," akasema. "Aliniambia, mwanangu akirudi mzima mfukuze, akirudi mgonjwa mpe uji. Nikimwacha barabarani leo, nitakuja kwako nikiwa mwanamke aliyemwacha mgonjwa barabarani. Na wewe utafurahi mwaka mmoja. Halafu siku utakayougua, utanitazama kwa hofu."

"Sitakutazama hivyo."

"Mimi nitajitazama hivyo."

Yonazi akapokea kikombe. "Hakimu anarudi," akasema. "Ingia."

Akaingia, akaondoa shauri. Yonazi akaandika jaladani, "Mdai ameondoa shauri lake," akalifunga kwa uzi, akaliweka kabatini pamoja na mengine. Kisha akatoka mlangoni akaita majina ya shauri lililofuata, la mbuzi walioingia shambani. Nilikaa palepale lakini sikusikia neno moja la shauri la mbuzi.

Elinaja aliishi miaka mitano. Nakundwa alimpeleka zahanati kila wiki, na njia ya zahanati hupita mbele ya mahakama. Walipopita, Yonazi aliinuka kitini akawasalimu wote wawili, akamwuliza Elinaja hali yake, na ninaamini aliuliza kwa moyo. Wakapita. Akabaki amesimama mpaka wamekata kona ya ghala. Mara mbili aliitwa wilayani kwa cheo kikubwa zaidi, mara zote mbili akakataa, akisema hali ya hewa ya tambarare haimfai. Kile kiti cha pili alikifunika kwa kitambaa, na mgeni akija alimkalisha katika kiti chake mwenyewe, yeye akasimama.

Siku moja nilimwambia, "Yonazi, oa. Wanawake hawakuisha."

Akanijibu, "Najua hawakuisha."

Nikaona haya, sikurudia tena.

Elinaja alipofariki, Yonazi alichimba kaburi pamoja na vijana, ingawa hakuwa kijana tena. Matanga yakaisha. Mwaka ukapita, na nusu ya mwaka wa pili. Hakukanyaga kwa Nakundwa. Aliogopa isije ikasemwa kwamba miaka yote ile alikuwa akingojea mtu afe. Naye Nakundwa alikuwa akifagia uwanja kila asubuhi, akimtazamia mtu ambaye haji.

Ndipo akaja kwangu. Ilikuwa siku ya mashauri, nami nilikuwa nikivaa viatu. Alinikuta mlangoni, akakataa kuketi.

"Baba Eliamani," akasema, "kwetu mwanamke hatumi mshenga. Najua. Mwenyewe nimelifikiri neno hili tangu mwaka jana. Lakini yule mtu amesimama pale mlangoni miaka kumi na saba akiwaita watu, na kila mtu akishaitwa ana mahali pa kuingia. Yeye hajaitwa na mtu. Mwita majina naye hungoja kuitwa. Nenda ukamwite."

Bibi yenu alikuwa jikoni akasikia, na ndiyo sababu nanyi mmesikia. Kwa jioni moja maneno yale yalifika kwaya ya akina mama, na kwa juma moja yalivuka mlima.

Nilikwenda moja kwa moja mahakamani. Yonazi alikuwa akipanga majalada ya siku.

"Unaitwa," nikamwambia.

Aliinua macho kwa wasiwasi. "Wilayani tena?"

"Nakundwa anakuita. Amenituma mimi."

Aliketi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua. Ukutani saa ilionyesha saa tatu, hakimu alikuwa ameshaingia. Nilimwambia nitamsaidia kuita, yeye aende. Akatikisa kichwa, akasema watu wametoka mbali. Akaenda mlangoni akaita jina la kwanza, sauti ikamkatikia katikati. Watu uwanjani wakatazamana. Akajaribu tena, akashindwa. Basi mara ya tatu niliita mimi, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu, nikaliita vibaya.

Kazi ilipokwisha alioga, akavaa shati jeupe, tukapanda wote, kwa sababu hakutaka kwenda peke yake. Nakundwa alikuwa ametoka nje amesimama. Hawakushikana mikono.

"Mbona umechelewa hivi?" Nakundwa akamwuliza.

"Nilingoja kuitwa."

"Nami nilingoja uje."

Niliona machozi ya Yonazi, nikageuka nikatazama migomba. Mwaka mmoja na nusu, jamani, umbali wa nusu saa kwa miguu, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa kukaa kimya.

Walioana mwezi uliofuata. Walikaa pamoja miaka saba, kisha Nakundwa akatangulia. Watu walimwambia Yonazi, pole, miaka saba ni michache. Alijibu kuwa ni michache kweli, na kwamba asingeitwa asingepata hata hiyo.

Kwa hiyo mkiisikia tena methali hii msicheke haraka. Leo mmemwona Mwalimu Naftali akiwaita wenzake mezani kwa uchangamfu, mkadhani mtu mwenye sauti kama ile hana anachokitaka. Na wewe Namsifu, uliyecheka kuliko wote kisha ukaniuliza njia nzima, sikuulizi kwa nini umeuliza. Nakwambia tu kwamba watu wa namna ile hawajiiti wenyewe, na nusu saa ya njia yaweza kumeza miaka. Mwita majina naye hungoja kuitwa.