Pimbi na Masomo Manane

Zama zile, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba, wanafunga milango kwa komeo na kupeleka watoto shuleni, palikuwa na shule moja juu ya kilima cha mawe. Mwalimu Mkuu wake alikuwa Kifaru. Kifaru huyo alijaliwa macho madogo ya kusomea vitabu na masikio makubwa ya kusikilizia sifa, na tangu apewe cheo, masikio ndiyo yaliyofanya kazi zaidi.

Katika darasa la mwisho la shule ile kulikuwa na masomo ambayo watoto waliyaita masomo mazito. Yalikuwa manane: hesabu ya nyota, tiba ya mizizi, lugha za ndege, sheria za mito, ujenzi, uchoraji wa ramani, historia ya koo na ushairi. Hakuna aliyelazimishwa kuyasoma yote. Mwanafunzi alikaa na wazazi wake nyumbani, akachagua idadi aliyoiweza, aghalabu mawili au matatu, akayasoma mwaka mzima, kisha akapimwa mbele ya watu. Aliyeshindwa hata moja katika yale aliyochagua alirudia darasa zima.

Mwaka ule alifika darasa hilo binti mmoja mdogo, Pimbi. Mnamjua pimbi: miguu mifupi, mkia hana, ukimwona kwa mbali utadhani ni jiwe limeota manyoya. Mama yake alikuwa mganga wa mitishamba, na nyumba yao ilikuwa katikati ya majabali, mlango mwembamba kama ufa.

Mama yake alimuuliza swali moja tu, anataka kujua nini. Pimbi akasema anataka kujua mizizi inayoponya. Basi akachagua tiba ya mizizi, na lugha za ndege, kwa sababu ndege ndio wanaojua miti ya mbali inaota wapi, na hesabu ya nyota, kwa sababu hesabu za darasa la chini zilimshinda mwaka uliopita na hakupenda kushindwa. Walipopima muda wa kuchota maji, wa kulea wadogo zake na wa kulala, waliona matatu yanatosha. La nne lingeingia kwa kusukumwa.

Nyumbani kwa Mzee Nyati mambo yalikuwa mengine. Mzee Nyati alikuwa na mwana mmoja, Ndama, kijana mpole aliyependa ujenzi. Tangu utotoni Ndama alikuwa akipanga vijiti juu ya mifereji kujenga madaraja, na sisimizi walivuka. Yeye alitaka ujenzi na ramani. Lakini baba yake alikuwa amesikia kwamba binti wa jirani yao, Bibi Kiboko, kachagua matano. Akampandisha Ndama hadi sita. Bibi Kiboko aliposikia, akampandisha binti yake hadi saba. Mzee Nyati akafika manane, na angefika tisa kama yangekuwepo.

Msidhani Mzee Nyati alijua masomo hayo ni yapi. Kisimani alipoulizwa, alitaja matatu, la nne akaliita "lile la ndege ndege," kisha akabadilisha mazungumzo. Idadi ndiyo aliyoijua vizuri, na hiyo aliitangaza kwa kila aliyekuja kunywa maji.

Siku moja alimkuta Pimbi pale kisimani, akamuuliza amechagua mangapi. Pimbi akaamkia kwa adabu, akasema matatu.

"Matatu," Mzee Nyati akasema, akiwageukia wenzake. "Basi si kosa lake. Kichwa chenyewe mnakiona kilivyo."

Wakubwa wote wakacheka. Pimbi akajitwisha mtungi wake, akaenda zake.

Mwalimu Mkuu Kifaru alipozisikia habari za manane, alifurahi kupita kiasi. Ng'ambo ya mto kulikuwa na shule ya nyumbu, na wanafunzi wao walisoma masomo mazito sita. Kifaru akaona njia ya kuwazidi nyumbu bila yeye mwenyewe kufanya kazi yoyote. Akaita mkutano, akatangaza kwamba kuanzia siku ile kila mwanafunzi wa darasa la mwisho atasoma manane, na asiyetaka arudi kwao akachunge wadogo zake. Wazazi wakashangilia. Mzee Nyati alishangilia mpaka akakanyaga kiti kikavunjika.

Haukupita muda, darasa likawa kama wodi. Watoto walikariri wakitembea, walikariri wakila. Fisi mdogo, ambaye hata zamani hakuwa msomaji, aliacha kabisa kufungua vitabu, akasema kushindwa manane na kushindwa moja ni kulekule. Ndama alianza kuchanganya mambo. Alipoulizwa tiba ya homa, alisema mzizi uchimbwe hatua mbili kutoka ukingo wa mto wa jirani na mashahidi wawepo. Alipoambiwa afunge kamba ya daraja, kazi aliyoiweza tangu hajaota pembe, alisimama na kamba mkononi, akaitazama tu.

Alimwambia baba yake kwamba amechoka. Mzee Nyati akamjibu kwamba katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuchoka.

Jioni moja Ndama na Pimbi walikuwa wakirudi kutoka shuleni. Ndama alikuwa akikariri majina ya mababu wa koo, macho kayafumba nusu, na hakuiona njia inapokata kona. Akaporomoka mpaka chini ya genge. Pimbi akashuka mbio, akamkuta kalalia mguu wake, analia kimya kimya kama mtu asiyetaka kusumbua.

Pimbi alijua la kufanya. Alijua tangu akiwa mdogo mgongoni kwa mama yake. Akachuma majani, akayatafuna, akaubandika mguu na kuufunga. Ila kichwani mwake siku ile kulikuwa na sheria za mito na beti za mashairi, na majani aliyoyachuma hayakuwa yale. Yalikuwa ya kuwasha. Walipofika kwa Mama Pimbi mguu ulikuwa umevimba kama gogo.

Mama Pimbi aliosha jeraha, akabandika dawa nyingine, hakumgombeza mtu. Alimwambia binti yake tu kwamba jani lile amelijua tangu hajajua kuhesabu. Pimbi akatoka nje, akaketi juu ya jabali. Aliona aibu kuliko siku ile ya kisimani, maana kisimani alichekwa na wajinga, na hapa amemuumiza rafiki yake kwa kitu anachokipenda.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Kifaru. Alimweleza yote bila kuficha, hata kosa lake, akamwomba wanafunzi waruhusiwe kuchagua tena. Kifaru hakuinua kichwa. Alimwambia kwamba mzigo mzito ni heshima, kwamba yeye mwenyewe angeyabeba manane hayo kwa jino moja, na kwamba mlango ni ule pale.

Pimbi akashukuru, akatoka. Lakini yale maneno ya jino moja aliondoka nayo.

Ukafika mkutano wa wazazi. Kifaru akahutubia, wazazi wakasifu, na Mzee Nyati akasimama kueleza jinsi watoto wa siku hizi wanavyodekezwa, wakati masomo yenyewe ni mepesi. Alipoketi, Pimbi akaomba ruhusa ya kusema. Akapanda juu ya kinu ili aonekane.

"Wazee wangu, shikamooni," akasema. "Sisi watoto tumekuja kuomba radhi. Tunayaona manane ni mazito, kumbe ni uvivu wetu. Mwalimu Mkuu ameniambia mwenyewe kwamba yeye angeyabeba kwa jino moja. Mzee Nyati kasema hapa sasa hivi kwamba ni mepesi. Tunaomba jambo dogo. Siku ya kupimwa, wazee wetu wakae mbele, waulizwe maswali yaleyale ya manane, nasi tuwatazame tujifunze. Tukishaona wakubwa wanavyofanya, hatutalalamika tena."

Kila mzee alimtazama mwenzake, akingoja mwenzake akatae kwanza. Mwisho Bibi Kiboko, aliyeona Mzee Nyati anamtazama yeye, akasema kwa upande wake hana tatizo. Mzee Nyati akasema yeye atamaliza yote kabla ya chakula cha mchana. Bibi Kiboko akasema yeye atajibu akiwa amesimama. Mzee Nyati akasema hata maswali wasimpunguzie. Watu wote wakageuka kumtazama Mwalimu Mkuu. Kifaru akakohoa, akainua kidevu, akasema kwamba bila shaka yeye ndiye atakayeanza.

Watoto wakapiga makofi pwa! pwa! pwa! Pimbi akashuka kwenye kinu, akaenda kuketi nyuma kwa mama yake.

Basi wakubwa wakaenda kusoma. Mzee Nyati alimwagiza Ndama amletee vitabu vyote kibarazani, akasema atavipitia. Alianza na hesabu ya nyota. Aliukodolea macho ukurasa wa kwanza mpaka jua likasogea, akauliza ile alama ni nini. Ndama, mguu umefungwa, akamweleza. Akauliza tena. Ndama akamweleza tena, taratibu, kwa heshima. Siku ya pili wakaingia sheria za mito, na Mzee Nyati akagundua kwamba za jana zimeshamtoka. Akapiga kitabu teke.

"Haya yote unayasoma wewe?" akamuuliza mwanawe.

"Ndiyo, baba."

"Kila siku?"

"Kila siku, baba. Nilikuambia."

Mzee Nyati aliutazama ule mguu, akatazama upande mwingine. Msimsifu mapema. Hakuwa amewaza kumpunguzia mwanawe hata somo moja. Aliwaza namna ya kuikwepa siku ile bila watu kujua.

Ilipobaki siku moja tu, asubuhi, Mzee Nyati alizunguka nyuma ya majabali, akipita vichakani, mpaka kwa Mama Pimbi. Akaomba dawa ya kumpandishia homa, si homa ya kumwua, ila ya kuonekana. Mama Pimbi alimwambia asubiri kwenye kijia chembamba kati ya majabali, nyuma ya nyumba. Mzee Nyati akajipenyeza kwa shida, na mle ndani akamkuta Bibi Kiboko, kajifunga khanga kichwani mpaka machoni.

Mzee Nyati akadai amekuja kumtafutia mke wake dawa ya mafua. Bibi Kiboko akasema yeye amekuja kusalimia. Wakasimama hivyo, mgongo kwa mgongo, kila mmoja akiyasifu majabali. Mara wakasikia kwa upande wa pili kitu kikubwa kinajisukuma na kuhema. Pua yenye pembe ikachomoza, kisha mabega, kisha yakakwama. Alikuwa Mwalimu Mkuu, anaomba kwa sauti ya chini kama Mama Pimbi ana kitu cha kumfunga mtu sauti kwa siku moja.

Mama Pimbi akamwita binti yake. Pimbi akaja juu ya jabali, akawaangalia wote watatu. Wale walioujaza mkutano kwa ukubwa wao walikuwa wamebanwa pale kama mikungu ya ndizi kwenye tenga, hakuna wa kurudi nyuma, hakuna wa kumtazama mwenzake.

"Wazee wangu, dawa ipo," akasema. "Ila hainywewi. Mwalimu Mkuu aseme leo, mbele ya watu, kwamba kila mwanafunzi achague tena pamoja na wazazi wake. Wanafunzi wasipolazimishwa manane, hakuna sababu ya wazee kupimwa manane."

Bibi Kiboko akauliza kama watu wataambiwa kwamba walikuwa pale. Pimbi akasema hilo litategemea hotuba ya Mwalimu Mkuu.

Mzee Nyati alijaribu kukunja uso, akasema hawezi kuamriwa na mtoto. Kifaru, ambaye jabali lilikuwa likimkuna mbavu, akamwambia anyamaze. Wakakubali. Ndipo Mama Pimbi akamwaga mafuta ya nyonyo kwenye mabega ya Mwalimu Mkuu, naye akasukumwa nje.

Jioni ile Kifaru alihutubia. Kwa uso mkavu alisema kwamba, baada ya utafiti wa kina, yeye na wazee wenzake wamegundua jambo jipya ambalo nyumbu wa ng'ambo hawajaligundua: kwamba watoto hawafanani. Alisema hivyo kana kwamba amelichimba mwenyewe ardhini. Na wazazi, walewale walioshangilia manane, wakashangilia tena kwa sauti ileile. Pimbi alitazama chini muda wote, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Watoto wakachagua upya. Pimbi akarudi kwenye matatu yake. Binti wa Bibi Kiboko akabakiza matano, maana yeye kwa kweli aliyapenda na kichwa alikuwa nacho, na akafaulu yote matano. Fisi mdogo akachagua moja, lililo rahisi kuliko yote, akashindwa hilohilo kwa kulala. Kwa hiyo msije mkaniambia kwamba hadithi hii inafundisha uvivu.

Ndama alichagua ujenzi na ramani. Alipoyataja nyumbani, Mzee Nyati alifungua mdomo, na wote wakangoja. Lakini mlangoni alikuwa amesimama Pimbi, amekuja kubadilisha dawa ya mguu, safari hii majani ndiyo yenyewe. Mzee Nyati akafunga mdomo, akasema mawili ni mema, akatoka kwenda kukaa kisimani, ambako siku hiyo hakumtajia mtu idadi yoyote.

Hayo ndiyo yaliyowapata, wanangu, nami ninachowaachia ni hiki: pimeni mzigo wenu kwa mgongo wenu, wala msiupime kwa mdomo wa mtu asiyeubeba.