Mgeni Aliyemuulizia Mwenye Nyumba

Hukumu ya kisa hiki sinayo. Aliyenisimulia hakunipa. Nitawaeleza yaliyotokea, nanyi mtanisaidia.

Huko milimani Taita, Mzee Mwakio alipofariki, mkewe Mkamburi aliacha kusema. Hakulia mazikoni. Akipewa kikombe, alikishika mpaka chai ikapoa. Miezi mitatu ikapita hivyo. Watoto wake watatu nao wakazoea kunyamaza, na neno "baba" halikutajwa tena nyumbani.

Wakesho, kifungua mimba, alijua kupanga. Ndiye aliyeita familia ikutane Jumamosi moja, wale pamoja, labda mama angechangamka. Alihesabu vichwa, akapika kimanga cha muhogo na maharagwe, akaonya: "Ni sisi tu. Asiletwe mtu. Mama hawezi wageni sasa."

Mghoi, wa pili, alijua kusubiri. Alikuwa amefunga duka lake la ushonaji mjini Voi akahamia kwa mama, akimwogesha na kumlisha. Siku hiyo mama hakutaka kutoka kitandani. Mghoi hakumvuta. Alikaa naye tangu alfajiri, akamvika, akamsogeza hatua moja, wakapumzika, hatua nyingine, hadi saa saba akamkalisha uani. Tangu msiba, mama alikuwa hajala na watu.

Mwadime, kitinda mimba, hakujua kumpita mtu. Akiwa njiani kuja, alimkuta dereva mmoja, Kisilu, lori limemharibikia mlimani, hajala tangu jana. Akaja naye.

Wakesho aliwakuta langoni. "Mwadime, nilisema nini?"

"Dada, nimpite mtu mwenye njaa nami nakwenda kula?"

"Ungepiga simu kwanza. Chakula kimehesabiwa."

"Basi atakula changu."

Wakesho alikuwa na haki ya kumrudisha mgeni yule, wala hakuna ambaye angemlaumu. Alimtazama. Kisilu alikuwa amesimama mbali kidogo, kusudi asisikie anavyosemwa. Wakesho akafungua lango. Akampa sahani yake mwenyewe, na yeye akabaki amesimama na upawa mkononi.

Walikula. Kisilu alipomaliza, akanawa, akasema kwa adabu, "Asanteni sana. Ningependa kumshukuru mwenye nyumba kabla sijaondoka. Yuko wapi?"

Mikono yote ikasimama. Mwadime hakuwa amemwambia chochote. Wakesho akataka kusema kwamba baba amesafiri.

"Amekufa," akasema mama.

Sauti ilimkwaruza kooni. Akarudia, "Mwakio amekufa."

"Pole, mama," akasema Kisilu. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama akaanza kumweleza, na katikati ya maneno akalia, kwa mara ya kwanza. Watoto wake walikaa pale pale wakimsikiliza. Hata furaha ya kumwona akisema haikuwajia upesi.

Wiki moja baadaye mama akawaita. "Nyumba hii siiwezi tena," akasema. "Nitakwenda kuishi na yule aliyenirudisha kwa watu. Ni nani?"

"Ni mimi," akasema Mwadime. "Nisingemleta Kisilu, nani angekuuliza?"

"Mimi ndiye niliyewaita," akasema Wakesho. "Tena nilimfungulia, nikampa chakula changu."

Mghoi akawaacha wamalize. Kisha akasema polepole, "Mama, bila mimi kukutoa nje, angeuliza, nawe ungekuwa chumbani umeelekea ukutani."

Mama akawatazama mmoja mmoja. "Nyote mnasema kweli," akasema. "Lakini mimi ni mmoja."

Nguo zake zimekwisha kufungwa, ziko mlangoni. Watoto watatu wamesimama, kila mmoja amenyoosha mkono kuuchukua mzigo, na hakuna anayetaka kuuacha.

Haya, ninyi mliosikiliza. Je, wewe ungesema mama afuatane na nani?