Ushuhuda wa Fisi Filemoni Mabega

Hadithi naileta!
— Ilete tuipokee!
Iketi wapi?
— Iketi katikati yetu!
Na mwenye jina?
— Aitwe kwa jina lake!

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakisali Jumapili na kugombana Jumatatu, palikuwa na fisi katika usharika wa Matopeni. Jina lake la ubatizo lilikuwa Filemoni, la nyumbani Mabega. Filemoni, si Filipo. Filipo alikuwa ngiri, na ngiri hana lake katika mambo haya.

Filemoni alikuwa ameokoka. Wote walilijua hilo, maana alikuwa na ushuhuda, na ushuhuda wenyewe, ndugu zangu, ulikuwa mtamu. Kila Jumapili, kwa miaka kumi na saba, alisimama, akakohoa mara tatu, akaanza.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mimi mnayeniona nilikuwa mwovu. Siku moja nikamkamata mbuzi mmoja mnono. Mnono, ndugu zangu! Paja hili hapa, mafuta yanachuruzika. Nikaanza na maini. Nikashuka mbavuni..."

Hapo alifumba macho. Nyani walitoa machozi, kanga wakapiga vigelegele. Mwishoni alisema, "Kisha nikaokoka. Amina." Maini yalichukua robo saa. Wokovu ulichukua pumzi moja.

Mnacheka? Mimi sicheki sana. Nami nina ushuhuda wangu mmoja, na umri wake siutaji.

Basi, mzee mmoja wa kanisa akafariki, kiti chake kikabaki wazi. Filemoni alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka maini. Desturi ya Matopeni ilikuwa hivi: jina la anayetaka uzee wa kanisa hutangazwa Jumapili tatu, na yeyote mwenye neno husimama akalisema. Neno lisipojibiwa, jina hufutwa.

Jumapili ya kwanza, Mchungaji Yonathani Kobe alilisoma jina, polepole kama kawaida yake. Akauliza, "Kuna mwenye neno?"

Filemoni akaanza kunyanyuka ili ashukuru.

"Mimi ninalo."

Wote wakageuka. Kwenye benchi la mwisho, kando ya mlango uliokuwa wazi, alikuwa amesimama mbuzi mzee, Bi Tabitha. Alikaa pale miaka yote. Filemoni alidhani anapenda upepo.

"Nauliza tu," alisema Bi Tabitha. "Yule mbuzi mnono wa Ndugu Filemoni. Aliitwa nani?"

Filemoni akakohoa mara tatu.

"Aliitwa... mbuzi."

"Hata mimi ni mbuzi, na ninaitwa Tabitha. Yeye aliitwa nani?"

Wiki ile Filemoni hakula vizuri. Akajiambia: jina tu! Jina halinishindi. Akaenda kwa karani wa usharika, Simeo Sungura.

"Mzee wangu," akasema Sungura, "we taja jina lolote la Biblia. Mbuzi wa zamani wote waliitwa Rebeka."

"Una hakika?"

"Mimi si karani?"

Jumapili ya pili Filemoni akasimama kwa sauti ya kutikisa paa. "Aliitwa Rebeka!" Na kwa kuwa alikwisha kusimama, mazoea yakamshika. "Rebeka mnono, ndugu zangu! Paja hili hapa..."

"Hakuitwa Rebeka," akasema Bi Tabitha, akaketi.

Nyani wakacheka. Filemoni naye akacheka kidogo, ili ionekane alikusudia.

Ikabaki Jumapili moja. Sungura akamshauri, "Jaribu Elisabeti." Filemoni akamtazama, akaondoka bila kuaga. Jina la kweli alikuwa nalo mmoja tu hapo Matopeni, Bi Tabitha. Filemoni alilijua hilo tangu siku ya kwanza, ila miguu ilikuwa haitaki kwenda.

Alikwenda Jumatano, saa sita mchana, katikati ya njia, asije akadhaniwa vibaya. Alipofika kwenye ua wa miiba wa Bi Tabitha hakuingia. Aliketi nje, mavumbini.

"Hodi."

"Sikukaribishi," sauti ikajibu kutoka ndani. "Lakini sema."

"Nimekuja kuuliza jina la yule mbuzi m..." Akalizuia lile neno *mnono* likiwa ulimini. "La yule niliyemla."

"Alikuwa mama yangu."

Filemoni akatazama chini. Miaka kumi na saba! Kila Jumapili alikuwa akimpakua mama wa mtu mbele ya mwanawe, na kuitikiwa amina.

"Mbona hukusema, Bi Tabitha?"

"Ningesema saa ngapi? Wenzangu walikuwa wakipiga vigelegele. Nami nilikuwa na kazi ya kuutazama mdomo wako. Hivi hujui kwamba ukifika kwenye maini unameza mate?"

"Mimi?"

"Wewe. Mara tatu kila Jumapili. Ndiyo maana nakaa mlangoni."

Filemoni akataka kukana. Akajipangusa mdomo ili akane vizuri. Mkono ukarudi umelowa.

Hapo kicheko kikamtoka. "Mtazameni aliyeokoka!" akajisema. "Amekuja kuomba jina la marehemu, na udenda unamtoka!" Alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akanyamaza. Bi Tabitha akamngojea.

"Aliitwa Damari Masika," akasema. "Alizaliwa wakati wa mvua. Siku ile nilikuwa na homa. Alitoka kunitafutia majani ya dawa."

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa. Filemoni alisimama. Hakukohoa.

"Aliitwa Damari Masika. Alikuwa akimtafutia mwanawe dawa. Nikamuua. Bi Tabitha, nisamehe."

Akameza kitu. Safari hii hayakuwa mate.

Mchungaji Kobe akauliza, "Kuna mwenye neno?"

"Mimi ninalo," akasema Filemoni mwenyewe. "Futeni jina langu. Nipelekeni darasa la ubatizo, nikaanze upya na vifaranga."

Wakacheka, na yeye ndiye aliyetangulia kucheka. Nje ya kanisa nyani mmoja alinung'unika, "Ushuhuda umeharibika. Hauna hata mbavu!"

Bi Tabitha hakusema kwamba amesamehe. Jumapili iliyofuata aliliacha benchi la mwisho, akaketi kwenye lile lililo mbele yake. Benchi moja tu.

"Bado nakutazama," akasema.

"Nitazame, mama," akajibu Filemoni.

Mwaka uliofuata akasogea benchi moja tena. Na mwaka mwingine, moja tena. Kanisa lilikuwa na mabenchi kumi na moja. Filemoni alipofariki, bila kiti cha uzee, Bi Tabitha alikuwa amefika la tatu kutoka mbele. Kwenye maziko Mchungaji Kobe, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, alisoma, "Tunamzika ndugu yetu Filipo..."

"Filemoni," akasema Bi Tabitha, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Filemoni Mabega."

Tangu hapo, ukimsikia fisi anacheka, usikasirike. Hakucheki wewe. Anajicheka.

Hadithi imeinuka!
— Ilipoketi pana joto!
Inakwenda wapi?
— Kwake aliyecheka!
Na nikiwa nimekosea jina la mtu?
— Tutakusahihisha!