Wimbo wa Mtori

Mwewe huelea, shomoro hupapatika, na jioni wote hufika mtini. Binadamu ndiye anayemcheka mwenzake kwa namna anavyopiga mabawa.

Mwalimu Violet alifundisha mapishi katika chuo kimoja cha ufundi mjini Moshi. Mtaa mzima ulimjua, maana habari haikupita mlangoni pake bila kukaribishwa chai. Mwaka huo alipokea mwanafunzi aitwaye Hosea, kijana wa Machame, mrefu kama mgomba na mpole kama maji mtungini. Shida yake ilikuwa moja: maelekezo hayakumkaa kichwani. Ukimwambia osha, menya, kata, alibaki na kuosha. Kusoma nako kulimpiga chenga tangu utotoni.

"Mwalimu, tunamtesa mtoto wa watu," Mkuu wa chuo, Mwalimu Sifael, alimwambia. "Akishindwa mtihani wa vitendo, arudi kwao akakatie ng'ombe majani."

Jumapili Violet alipanda mlimani hadi Machame kuzungumza na Yuditha, mama wa kijana, akawakuta kanisani. Hosea alikuwa amesimama katika kwaya, mikono mitupu, bila kitabu, akiimba ubeti baada ya ubeti bila kukosa hata neno.

"Mama Hosea, hizi amezishikaje?"

"Nyimbo? Akishaimbiwa, mwalimu, hata umchape hazitoki."

Violet alishuka mlima akiimba kwa midomo iliyofumbwa. Kesho yake hatua zote za kupika mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, alikuwa amezigeuza wimbo wa kwaya.

"Jamani, tumekuja jikoni au kwenye kipaimara?" akauliza Pamela, msichana mwenye ulimi wa upupu. Darasa likacheka, Hosea naye akacheka, kisha akamenya ndizi zake hadi ya mwisho. Haikupita miezi mingi, Pamela mwenyewe akawa anauimba huo wimbo bafuni.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi mgeni, Mzee Efraimu, mwenye miwani minene. Hosea aliimba kwa sauti ya chini, nyama ikachemka, ndizi zikamenywa. Alipozishika ili azitie chunguni, msimamizi akagonga meza.

"Kimya. Huu ni mtihani."

Hosea akanyamaza. Violet alijua jambo ambalo mgeni hakulijua: wimbo ukikatwa, Hosea hawezi kuudaka katikati. Hurudi mwanzo. Na kweli, kijana aliepua chungu, akachukua kisu, akatafuta ndizi za kumenya. Hazikuwepo. Akabaki ameduwaa, kisu mkononi.

Mwalimu haruhusiwi kusema kitu katika chumba cha mtihani. Violet alisema.

"Shikamoo, mzee. Naomba radhi. Hiyo miwani yako, ukivuliwa, utaweza kutusahihisha?"

"Marahaba. Sitaweza."

"Miwani ya huyu kijana ni wimbo."

Efraimu aliigusa miwani yake. "Haya. Avae."

Hosea akaanza ubeti wa kwanza, mikono imetulia. Pamela akamwitikia, kisha meza ya pili, kisha jiko zima. Wimbo ulipofika kwenye chungu, mikono ya Hosea ikaamka yenyewe: chungu kikarudi motoni, ndizi zikaingia. Walipofika pale paimbwapo "nyama itoke kwanza, ndizi ndipo zipondwe," Pamela akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alikuwa ameanza kuponda na nyama yake ndani.

Efraimu alionja bakuli la Hosea. Akaomba la pili, ili awe na uhakika, alisema.

Mwalimu Sifael alikuwa akisubiri mlangoni. "Amefaulu? Kwa maelekezo gani?"

"Ya kwaya, Mwalimu," Pamela akajibu, akipangusa jasho. "Na mimi nimefaulia humo humo."

Mkuu akapokea bakuli lake, akala mpaka likabaki jeupe. Majani ya ng'ombe hayakutajwa tena, kwa maana kila ndege huruka kwa ubawa wake.