Wajina wa Mtoto wa Nyamizi

Hapo zamani, wala si zamani sana, palikuwa na mji wenye nyumba moja ya vitanda sita. Wanawake wa mji waliijenga wenyewe, ili mwenzao akikimbia kipigo au njaa apate pa kulala. Nyumba hiyo ilikuwa na desturi yake. Mtoto akizaliwa humo, siku ya arobaini mama humpa jina la mtu aliyemhifadhi. Huyo wajina huwachukua mama na mtoto, akakaa nao mpaka mama aweze kujitegemea, na kitanda walichokiacha hupewa mwingine.

Basi siku moja Nyamizi alitoka kwa mumewe na mimba ya miezi minane, jicho limevimba, mkononi kashika sufuria. Kwa nini sufuria? Hata mwenyewe hajui. Ndiyo iliyokuwa karibu na mlango.

Stamili, muuza maandazi, alimwona akizungukazunguka sokoni. Hakumuuliza kitu. Alimpa chai na maandazi mawili, akaacha mafuta yakiungua jikoni, akamshika mkono mpaka kwenye ile nyumba.

Mlangoni alikaa mlinzi, Mzee Lugusha. Mji mzima ulimjua kuwa hajawahi kusema uongo. Watu wakigombana walimwita yeye, na alilolisema liliwatosha. Siku hiyo pia alisema kweli: vitanda vimejaa. Nyamizi akaifudikiza sufuria yake, akaikalia, akalia.

Ndipo akatoka Kashinde, aliyekuwa amefika humo majuzi bila hata kandambili. Akasema kitanda chake apewe mjamzito. Yeye akatandika mkeka sakafuni, upande ule paa linapovuja, akalala hapo miezi miwili na zaidi mpaka kifua kikamshika.

Sasa Stamili, jamani, ana moyo mzuri na mdomo mwepesi. Kabla maandazi hayajapoa, soko zima lilikuwa limesikia jinsi alivyomwokoa mwanamke mwenye sufuria. Siku ya tatu mume akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Mzee, wewe husemi uongo," alisema. "Mke wangu yumo humu?"

Nyamizi alikuwa nyuma ya mlango, kanga mdomoni. Aliogopa kuliko siku zote za kupigwa, maana alijua mzee huyo akijibu kama alivyozoea, yeye na tumbo lake wamekwisha.

Mzee akamjibu: "Hayumo. Alipanda lori la kwenda bara."

Mume akashukuru, akalifuata lori, na mpaka leo hajarudi. Mji ulipopata habari ulicheka na kumsifu mzee. Lakini tangu hapo hakuna aliyemwita tena kuamua ugomvi.

Nyamizi akajifungua mtoto wa kike. Arobaini ikafika, wali ukapikwa, na mwanamke mwingine alikuwa ameshafika mlangoni na mzigo wake, anasubiri kitanda.

Stamili akasema ana vyumba viwili, na chai ya asubuhi haikosi. "Bila mimi, mlango huu angeujua wapi?"

Mzee Lugusha akasema mkewe ameshafagia chumba. "Nilikuwa na kitu kimoja cha thamani, nacho ni neno langu. Nimelitoa kwa ajili ya huyu." Wanawake wakacheka, mtoto wa kike aitwe Lugusha? Mzee akawajibu kwamba jina halina ndevu.

Kashinde alikohoa kwanza. "Mimi sina pa kuwapeleka, labda kupanga kibanda, tukalale watatu kwenye mkeka. Lakini sina mtu duniani. Nataka awepo mmoja mwenye jina langu."

Nyamizi aliwapenda wote watatu, na hilo ndilo lililomtesa. Kwa Stamili kuna chumba, na kuna ule mdomo. Kwa mzee kuna ukuta imara, ila mume akirudi, nani ataamini tena neno lake? Na Kashinde alitoa kitanda alipokuwa hana kingine. Mtoto akapiga chafya. Mwanamke wa mlangoni akautua mzigo wake.

Nyamizi akafungua mdomo kulitaja jina.

Haya, nyie mlioketi hapa, msinijibu kwamba wote, maana mtoto ni mmoja na jina ni moja. Je, nani alistahili, na leo mama na mwanawe wakalale kwa nani?